Dozi Moja ya Mionzi kwa Mifupa Inayouma
Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda kujikita mifupani: kwenye pingili za mgongo, nyonga na mbavu. Ikifika huko haiponi, na maumivu yake huweza kumnyima mgonjwa usingizi hata akiwa kwenye tiba ya homoni au ameshatolewa korodani. Mionzi huyatuliza, lakini mara nyingi mgonjwa hupangiwa siku kumi wakati dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) ingetosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uligawa kwa bahati nasibu wagonjwa karibu 900 wa saratani ya tezi dume na ya matiti. Kundi moja lilipata grei 8 kwa mara moja, la pili grei 30 kwa mara kumi. Baada ya miezi 3, takribani theluthi mbili ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu, na madhara ya awali yalikuwa machache kwa waliopigwa mara moja.

Wanaotetea siku kumi hutaja takwimu ya utafiti huohuo: waliorudia mionzi walikuwa asilimia 18 kwa dozi moja, na 9 kwa dozi kumi. Ni hoja ya kweli. Lakini zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100 hawakurudia, na daktari huwa mwepesi kurudia pale ambapo dozi ya kwanza ilikuwa ndogo. Kwa mzee aliyetoka Songea kwenda Dar es Salaam, siku kumi za tiba ni wiki mbili za malazi na nauli za msindikizaji, na kila siku apande kitanda kigumu cha mashine kwa mgongo uleule unaouma. Nafasi tisa zilizobaki zingewafaa wengine tisa walio kwenye foleni.

Sisemi hivyo kwa kila mfupa. Mfupa wa paja ulioliwa hadi kukaribia kuvunjika unamhitaji kwanza daktari wa upasuaji wa mifupa. Miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukigoma, huenda uti wa mgongo umebanwa: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, na hapo dozi moja haijathibitishwa kulingana kikamilifu na dozi nyingi.

Nafuu nayo huweza kuchukua wiki kadhaa, na kwa baadhi maumivu huzidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo mofini, dawa ya maumivu, haikatishwi siku ya mionzi. Mgonjwa aende nayo nyumbani, pamoja na dawa ya kulainisha choo.