Ghuluul: Shuka ya Khaybar na Mali ya Serikali



Watu wamezoea kusema kuwa mali ya serikali haina mwenyewe. Kauli hiyo husikika Kyela kama inavyosikika kwingineko nchini, na hapa mpakani, ambapo Mto Songwe ndio unaotutenga na Malawi, madhara yake ni mazito zaidi.

Tuchukulie kijana aliye jeshini amemletea babake madumu ya mafuta ya boti, ilhali daftari la stoo linaonesha kuwa yametumika doria ziwani. Je, mzee ayauze Itungi kwa wavuvi wenye mashine?

Fiqhi inalo jina la kitendo hicho: ghuluul. Asili yake ni kuficha ngawira kabla haijagawanywa, na aya ya 161 ya Suratu Aal Imran imekikemea. Mid'am, mtumishi wa Mtume (S.A.W.), alipigwa mshale akafa baada ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Maswahaba wakamtakia Pepo. Mtume akawakatalia, akaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira ilikuwa ikimwakia moto. Papo hapo mtu mmoja akaja kurudisha kamba za viatu! Tazama udogo wa kitu chenyewe.

Kuhusu adhabu, Imam Ahmad aliona mizigo ya mwenye kufanya ghuluul ichomwe. Jamhuri ya wanazuoni wakasema aadhibiwe kwa taazir, kadiri atakavyoona kiongozi. Kauli hii ya pili ndiyo tunayoiona kuwa na nguvu, kwani Mtume hakuchoma mizigo ya Mid'am.

Dola za leo nazo hazikuliacha jambo hili. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 ina kanuni za nidhamu ya jeshi na mahakama za kijeshi. Nchini Uganda, mwezi Machi 2008, mahakama ya kijeshi ilimhukumu Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi, kifungo cha miaka 3 kwa kuisababishia serikali hasara, katika kesi iliyotokana na wanajeshi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara pasipo watu.

Turejee kwa mzee wetu. Yeye si mwanajeshi, lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, humshika anayepokea mali ya wizi huku akijua. Kisharia pia, akishajua asili ya madumu yale, si halali kwake kuyauza wala kula thamani yake. Mshahara wa mwanawe ni halali, na hana haja ya kuuchunguza kila shilingi.

Je, kijana akitubu, atoe sadaka thamani ya mafuta yale? Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoifuata wengi wetu, hakuliona hilo: mtu hatoi sadaka mali ya wengine. Ayarudishe stoo, na kama yameshauzwa, alipe thamani yake kwa mwenye mamlaka.

Wallahu a'lam.