Kuzifahamu Mashine za Muziki wa Nyumbani (3): Wati za Boksini na Wati za Kweli

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliifuata sauti kutoka kwenye chanzo chake, iwe santuri, sidii au simu, hadi ilipoingia ndani ya amplifaya. Leo tunafika kwenye namba inayouza mashine za muziki kuliko nyingine yoyote, nayo ni wati.

Pita maduka ya Kariakoo, au yale ya barabara ya Luthuli kule Nairobi, usome maboksi ya sabufa. Utakuta wati 3,000, wati 8,000, pengine zaidi, kwa maandishi yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na pembeni yake herufi nne: PMPO. Sasa igeuze mashine yenyewe, utafute kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Utasoma volti 220 hadi 240, hezi 50, na mara nyingi wati 60 au 80 tu. Hizo ndizo wati ambazo mashine inazivuta ukutani.

Amplifaya haizalishi nguvu. Huchukua umeme wa ukutani ikaupa umbo la muziki, na sehemu ya umeme huo hupotea njiani ikawa joto. Ni kweli kwamba kibandiko hupimwa kwa matumizi ya kawaida, si sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na kwamba kapasita za ndani huweza kutoa akiba yake kwa kitambo kidogo. Lakini hakuna akiba inayogeuza wati 60 kuwa 8,000. Hata plagi haikubali: plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, imekusudiwa kupitisha wati zisizofika 3,000, yaani mzigo wa birika kubwa la umeme.

PMPO inadaiwa kuwa kilele cha nguvu ambacho mashine inaweza kukigusa kwa kufumba na kufumbua jicho. Tatizo ni kwamba kilele hicho hakina kanuni ya kukipima. Kila kiwanda hujipangia hesabu yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mchezo huu si mgeni. Nchini Marekani matangazo ya wati yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitunga kanuni kwa ajili ya amplifaya za nyumbani. Anayetangaza wati alitakiwa ataje nguvu ya mfululizo, pamoja na mambo matatu: imepimwa kwa spika za omu ngapi, kwa masafa gani, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Mambo hayo bado ndiyo ufunguo wa kusoma boksi lolote. Nguvu hiyo ya mfululizo ndiyo ambayo wauzaji wengi huiita RMS.

Tuchukue mfano. Amplifaya moja imeandikwa: wati 50 kila upande, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji asilimia 0.1. Nyingine imeandikwa: wati 100, omu 4, hezi 1,000, upotoshaji asilimia 10. Mnunuzi wa haraka ataikimbilia ya pili. Lakini ya pili imepimwa kwa sauti ya aina moja tu ya katikati, na kwa kiwango ambacho sauti imekwisha kuanza kupasuka. Ya kwanza imepimwa kwa masafa yote ambayo sikio la binadamu huyasikia, na sauti bado ni safi. Ukiipima ya kwanza kwa masharti yale mepesi ya mwenzake, huenda ikaipita.

Hata wati zikiwa za kweli, sikio halizihesabu kama mfukoni tunavyohesabu shilingi. Ukitoka wati 50 hadi 100, ongezeko la ukubwa wa sauti, ambao hupimwa kwa desibeli, ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia lakini haitakushangaza. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban desibeli 10, na hizo zinadai nguvu mara kumi. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili atoke wati 80 hadi 100 amenunua desibeli 1, na hiyo ni vigumu kuitambua.

Namba yenye uzito zaidi iko upande wa spika, ingawa ni wachache wanaoiulizia. Ni ile inayoonyesha wepesi wa spika: ukiipa wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Spika nyingi za nyumbani huangukia kati ya 84 na 90. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Spika ya desibeli 84 inahitaji wati 40 ili kufikia desibeli 100. Ile ya desibeli 90 itafika hapo hapo kwa wati 10. Mwenye spika nzito amelipia wati 30 za ziada, na hakusikia chochote zaidi ya jirani yake.

Msomaji anaweza kuuliza: kama wati 1 inatoa desibeli 88, na mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama desibeli 60, wati nyingine zote ni za nini? Ni za vilele. Ngoma inapopigwa au tarumbeta inapopaza, sauti hupanda ghafla desibeli 10 hadi 20 juu ya wastani, yaani nguvu mara 10 hadi 100. Amplifaya isiyo na akiba hukata vichwa vya mawimbi hayo. Hapo ndipo sauti hukwaruza, na hapo ndipo twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba za juu, huungua. Wimbi lililokatwa kichwa hubeba nguvu nyingi zaidi kwa wastani, na huzaa masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo. Masafa hayo huelekezwa kwenye twita, yenye koili ya waya mwembamba sana. Ndiyo maana amplifaya ndogo inayokamuliwa usiku kucha huweza kuua spika iliyoandikwa wati nyingi kuliko yenyewe, na mwenye shughuli akabaki akimlaumu aliyemuuzia spika.

Zimebaki omu, kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya mkondo wa umeme. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo mkondo unavyoongezeka. Amplifaya inayotoa volti 20 itapitisha ampea 2.5 kwenye spika ya omu 8, na ampea 5 kwenye spika ya omu 4. Ukiongeza spika ya pili ya omu 8 kwenye tundu zilezile, waya kwa waya, amplifaya inaona omu 4. Ukiunga mbili za omu 4, inaona 2. Fundi aliyekuungia atasifiwa jioni hiyo kwa kuujaza ukumbi muziki, lakini kama nyuma ya mashine pameandikwa isishuke chini ya omu 8, transista zitapata moto hadi zikatike.

Kwa hiyo ukienda dukani, liache boksi, uombe kitabu chake cha maelezo. Tafuta wati za mfululizo, omu, masafa na upotoshaji wa amplifaya. Kwa spika, tafuta desibeli na omu. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hizo, omba mashine iwashwe, uongeze sauti taratibu, usikilize ni wapi inapoanza kukwaruza. Wiki ijayo tutaingia sebuleni, tuone jinsi kuta, kona na mahali pa kuweka spika vinavyoweza kuongeza besi au kuiharibu.