Kuunganisha Shughuli za Mnyororo wa Ugavi katika Utalii

Mnyororo wa ugavi ni mfululizo wa watu na kampuni wanaoshirikiana kuifikisha bidhaa au huduma kwa mteja wa mwisho. Katika saruji mnyororo huo huonekana kwa macho: machimbo, kiwanda, lori, duka la vifaa vya ujenzi. Katika utalii ni vigumu kuuona, kwa sababu bidhaa yenyewe haishikiki wala haiwekwi ghalani. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiwezi kutunzwa kiuzwe kesho; mapato yake yamekwisha kupotea. Mtahiniwa aanzie hapa, maana mada nzima imejengwa juu ya jambo hili.

Chukua mgeni kutoka Ujerumani anayekwenda Serengeti. Kwa wakala wa nchini kwake amenunua safari moja kwa bei moja. Nyuma ya bei hiyo wapo shirika la ndege linalomshusha Uwanja wa Kilimanjaro, kampuni ya utalii ya Arusha yenye gari na dereva, loji, mkulima wa Karatu anayeiuzia loji mboga, na mamlaka mbili za hifadhi. Ni mbili kwa sababu barabara kuu ya kutoka Arusha hupita kwanza ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye mamlaka yake, kabla ya kufika lango la Naabi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyo chini ya TANAPA. Kila upande una ada zake.

Sasa ndege ichelewe siku moja. Dereva anasubiri uwanjani, loji imekwisha kupika, na vibali vimeombwa kwa tarehe isiyofaa tena. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, lakini safari imeharibika. Kuunganisha shughuli ni kuhakikisha taarifa ya mabadiliko inawafikia wote mapema, na kila mmoja anajua la kufanya akiipata.

Taarifa hiyo isiishie lojini. Loji ikimweleza mkulima idadi ya wageni inaotarajia msimu ujao, yeye hupanda kwa kiasi hicho. Asipoambiwa, loji huagiza mboga mjini, na kijiji hubaki kutazama magari yakipita.

Kosa la kawaida katika majibu ni kudhani kuunganisha ni kumiliki. Kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1841, ilikuwa na ndege, hoteli na maduka ya kuuzia safari. Hata hivyo, tarehe 23 Septemba 2019 ilianguka kwa mzigo wa madeni. Wateja wapatao 600,000 walikuwa safarini, na wapatao 150,000 kati yao ilibidi warudishwe Uingereza kwa mpango wa serikali. Siku chache kabla, hoteli moja ya Hammamet, Tunisia, ilikuwa imewafungia wageni lango ikidai malipo, ingawa wageni hao walikwisha kulipa walipokata safari.

Tazama njia ya fedha hapo. Mgeni hulipa mapema. Wakala hukaa na fedha hizo. Hoteli hupeleka ankara na kulipwa wiki kadhaa baada ya mgeni kuondoka. Kwa hiyo hoteli ndiyo inayomkopesha wakala, hata kama ni ndogo kuliko yeye. Hoteli isipolipwa, naye mkulima hapati chake. Jibu zuri litaje mitiririko yote mitatu, yaani huduma, taarifa na fedha; wengi huisahau ya tatu.

Swali la kujipima: Saa nne usiku, kampuni ya utalii ya Arusha inapata habari kwamba wageni wake 6 watachelewa kwa siku moja. Taja wanaopaswa kuarifiwa, kwa mpangilio wa dharura, na ueleze kila mmoja atabadilisha nini. (Alama 10)