Tutarudi Jumamosi

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya sekondari ya Kanisa huku bara, kundi letu la TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, lilikwenda kumtembelea bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya kigango. Tulikuwa kumi na wawili. Tulibeba mchele, sukari, miche mitatu ya sabuni na kandambili mpya. Tukamwamkia, tukamwimbia, tukafagia uwanja, mlezi wetu akapiga picha. Wakati wa kuaga, mmoja wetu akasema kama watu wasemavyo mlangoni: "Bibi, tutarudi Jumamosi."

Hatukurudi. Jumamosi ile kulikuwa na mtihani wa majaribio, iliyofuata kulikuwa na mechi, kisha shule ikafungwa. Muhula mpya ulipoanza ndipo katekista alipotueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumamosi ile bibi alichimba mihogo shambani kwake, akachemsha ya kuwatosha watu kumi na wawili, akaifunika kwa kanga, akakaa barazani mpaka jua likazama.

Mihogo ile imenifundisha zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria tangu wakati huo. Ilinionyesha kwamba tulikuwa tumefanya ziara tukaiita huduma. Ziara ina siku yake, na siku ikipita imekwisha. Huduma ina zamu, na kila mwanafunzi wa bweni anajua maana ya zamu: siku yako ikifika unakwenda, uwe na hamu au usiwe nayo, kwa sababu kuna mtu anakutegemea.

Shule zetu za Kikatoliki zinalijua jambo hili vizuri sana upande wa sala. Kengele hulia kabla ya mapambazuko. Kuna sala ya asubuhi, Malaika wa Bwana saa sita mchana, rozari mwezi Mei na Oktoba, Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, na Misa ya Dominika ambayo haisubiri mtu awe na moyo wa kwenda. Anayesali rozari hurudia Salamu Maria hamsini kwa mkao mmoja, na hakuna padre anayemwambia kijana kwamba moja ingetosha. Tunaamini kwamba maneno yale yale, yakirudiwa kwa uaminifu, humchimba mtu taratibu mpaka yakafika mahali ambapo neno la mara moja halifiki.

Lakini tukitoka kanisani kwenda kwa maskini, imani hiyo ya marudio tunaiacha mlangoni. Huduma inakuwa tukio la Kwaresima, au la juma la Krismasi, au la mahafali. Basi linakodiwa, wanafunzi wanapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima, watoto wanapangwa mstari na kuwaimbia wageni, zawadi zinakabidhiwa mbele ya kamera. Sisemi kwamba mchele ule hauliwi. Unaliwa, na siku hiyo ni siku njema. Ila mtoto aliyeimba atawaimbia wageni wengine wiki ijayo, na mwanafunzi aliyekabidhi zawadi hatalijua jina lake.

Wale waliotuachia urithi wa huduma ya vijana hawakuanza hivyo. Tarehe 23 Aprili 1833, Frédéric Ozanam alitimiza miaka 20 mjini Paris. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na wenzake wasioamini walikuwa wamemuuliza swali zito: Kanisa lenu lilifanya mengi zamani, leo linawafanyia nini maskini wa mji huu? Siku hiyo yeye na wenzake wachache walianzisha chama ambacho leo tunakiita Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Hawakujua pa kuanzia, wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa akiwahudumia watu wa mtaa wa Mouffetard. Sista akawapa familia za kutembelea nyumbani kwao. Tangu mwanzo ule, kumtembelea mtu kwake kulibaki kuwa kiini cha kazi ya chama hicho.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, kule Calcutta, wasichana wa shule ya sekondari ya Mtakatifu Maria, Entally, walikuwa na chama cha Bikira Maria kilicholelewa na padre Mjesuiti. Wasichana hao walitoka kwenda hospitali na kwenye vibanda vya Motijhil, jirani tu na ukuta wa shule yao. Mwalimu wao, aliyekuja kuwa mkuu wa shule mwaka 1944, alikuwa Mama Teresa. Alipoondoka mwaka 1948 kwenda kuishi kati ya maskini, wa kwanza kumfuata, Machi 1949, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na wengine kutoka shule ile ile wakafuatia. Watu hupenda kuusimulia wito ule kama umeme uliopiga mara moja. Mimi naona pia njia ya vumbi kati ya lango la shule na vibanda vile, iliyokanyagwa na wasichana wenye sare, wiki baada ya wiki.

Kurudi kunafundisha mambo ambayo nia njema haiyajui. Baada ya habari ya mihogo, wanne kati yetu tulipanga zamu. Jumamosi ya kwanza tulimjazia bibi pipa la maji mpaka juu, tukaondoka tumeridhika. Jumamosi ya pili tulilikuta limepungua hadi pale mkono wake ulipofika, na hapo maji yakabaki. Mgongo wake haukumruhusu kuinamia chini zaidi. Siku zilizobaki alikuwa amekwenda kisimani mwenyewe na kidumu chake, huku nusu pipa ya maji yetu imekaa ndani ya nyumba. Hakuwa amelalamika, na asingelalamika. Kama tusingerudi, tungeandika kwenye taarifa yetu kwamba tulimtatulia bibi shida ya maji. Tulitafuta madumu ya lita tano, tukayapanga juu ya benchi, usawa wa kiuno chake.

Hapo ndipo nilipoielewa ile njia tuliyokuwa tukiikariri kwenye mikutano: kuona, kuamua, kutenda. Ni njia ya Joseph Cardijn, padre Mbelgiji aliyeanzisha harakati za vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, na Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliitaja katika waraka wake Mater et Magistra mwaka 1961. Sisi tulikuwa tumeruka hatua mbili za kwanza. Tulitenda kabla ya kuona, na kuamua hatukuamua kabisa. Mkutano uliofuata ulikuwa tofauti. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini bibi ateke maji kisimani wakati pampu ya kijiji iko karibu. Tukaulizia, tukaambiwa pampu imeharibika tangu mwaka uliopita na michango ya matengenezo haijakamilika. Tukaandika barua kwa uongozi wa kijiji. Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa umri wetu wakizungumzia haki katika sentensi moja na sala, bila mwalimu kuwaongoza.

Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti, aliligusa jambo hili mahali penye uchungu. Tarehe 31 Julai 1973 alizungumza mjini Valencia, Hispania, na watu waliosomeshwa katika shule za shirika lake, watu wenye elimu na vyeo. Aliwauliza kama shule zile ziliwalea kwa ajili ya haki, na akajibu mwenyewe kwamba hapana. Alitaka shule hizo zitoe watu wanaoishi kwa ajili ya wengine. Wapo waliokasirika. Lakini shule inayosali inapaswa kuwa na ujasiri wa kuuliza swali kama hilo kuhusu wahitimu wake yenyewe, hasa mwaka ambao matokeo ya mtihani ni mazuri.

Siku hizi kuna hoja kwamba dawa ni kuifanya huduma iwe ya lazima. Huko Marekani shule nyingi za sekondari za Kikatoliki hudai saa kadhaa za kujitolea kabla ya kuhitimu, na fomu husainiwa. Kenya, katika mtaala wa umilisi, huduma kwa jamii imepewa nafasi kama sehemu ya masomo ya sekondari ya juu. Wengine wanapinga: kitu cha lazima, wanasema, hakiwezi kuitwa kujitolea. Hoja hiyo ina historia hapa kwetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia wakarudishwa makwao. Amri peke yake haikuwapa moyo.

Mimi siogopi lazima. Zamu nayo ni lazima, na ndiyo iliyotufikisha kwa bibi siku ambazo tungependa kulala. Ninachoogopa ni kuhesabu saa. Saa ishirini zinaweza kukamilishwa katika vituo vitano ambavyo hutavikumbuka. Shule ikitaka kuhesabu, ihesabu watu: ni nani anayekufahamu kwa jina nje ya ukuta wa shule, na ni nani ataulizia usipofika?

Kuna kikwazo kingine, na hiki ni chetu wenyewe. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa hufyeka, aliyepiga kelele huteka maji, aliyetoroka hung'oa kisiki. Halafu Jumamosi tunamwambia kijana yule yule akamfyekee mzee kwa upendo wa Kristo. Jembe ambalo Ijumaa lilikuwa fimbo haligeuki sakramenti usiku mmoja. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, akitaka kazi iwe sehemu ya maisha ya shule na wanafunzi washiriki kama wanajumuiya. Shule inayotaka wanafunzi wahudumu kwa moyo haina budi kuacha kuitumia kazi ya mikono kama aibu.

Wapo wanaohofia kwamba huduma itakula muda wa masomo na wa ibada. Saa mbili za Jumamosi hazijamfelisha mtu. Kuhusu ibada, nasema nilichokiona. Bibi yetu alikuwa Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani tulihamishia zamu yetu jioni ili tusimsumbue akiwa amechoka na swaumu, naye adhana ilipolia alitufungulia tende kwanza kabla ya kujimegea. Hatukumhubiria, na mlezi wetu alitukataza hata kujaribu. Lakini Jumapili padre aliposoma Injili ya Mathayo sura ya 25, pale Mfalme anapowahesabia watu chakula, maji na kutembelewa, sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa namjua yule aliyekuwa na kiu, na najua benchi alilowekewa maji.

Tulipokaribia kumaliza kidato cha nne, tuliwapeleka wadogo zetu wa kidato cha pili wakamwone. Tulikuwa tumewaandaa: namna ya kumwamkia, mahali pa madumu, njia fupi ya kisimani. Walijitambulisha mmoja mmoja, jina na mkoa anakotoka. Bibi aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na nyie mtakuwa mnakuja siku gani?"

Wakasema Jumamosi. Jumamosi iliyofuata, nikiwa dirishani na daftari la Baiolojia, niliwaona wakivuka lango na ndoo zao, bila mlezi na bila kamera.