SHULE IKIANGUKA KWA TETEMEKO, TUANZE WAPI?



Wengi wenu mmechangia shule kwa harambee: mabati, mchanga, siku ya kazi. Safari hii tuangalie shule iliyoangushwa na tetemeko la ardhi, tena iliyo mbali na barabara. Mfano wetu ni Nepal, nchi ya milima huko Asia.

Tarehe 25 Aprili 2015, karibu saa sita mchana, ardhi ya Nepal ilitikisika kwa kipimo cha 7.8. Karibu watu 9,000 walikufa, na madarasa zaidi ya 30,000 yakabomoka au kuharibika. Bahati ni kwamba ilikuwa Jumamosi, na kule Jumamosi watoto hawaendi shule.

Tarehe 12 Mei likaja jingine la 7.3, likaangusha kuta ambazo zilikuwa zimebaki na nyufa. Basi mtu asiingie darasani kutoa madawati ati kwa sababu ukuta bado umesimama. Kule mafundi walikagua kwanza, wakabandika alama: kijani ingia, nyekundu kaa mbali.

Shule zilifunguliwa tena 31 Mei. Majengo hayakuwa tayari. Watu walisimamisha mabanda ya mianzi, mabati na maturubai, maana mvua kubwa za kule huanza Juni. Siku za kwanza watoto waliimba, wakacheza, wakaeleza waliyoyaona. Hesabu zilingoja kidogo. Walimu nao walikuwa wamepoteza nyumba. Kwa maoni yetu, kikundi kimuulize mwalimu analala wapi kabla ya kumletea chaki.

Vijiji vingine vilikatwa na maporomoko. Shirika la Chakula Duniani likaajiri wapagazi na nyumbu. Wapagazi wa kule hubeba mzigo kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso, sawa na mama zetu wa mlimani na kuni zao. Mfuko wa simiti ukifika kwa njia hiyo, si wa kuchezea! Kwa hiyo mawe, mbao na mabati ya zamani huokolewa, yakapangwa na kuhesabiwa.

Lakini kazi kubwa iko kwenye ukuta. Vijijini Nepal kuta nyingi zilikuwa za mawe na udongo. Ukiutazama ukuta huo kwa nje ni mmoja, kumbe ni kuta mbili zimesimama bega kwa bega, katikati vimawe na udongo. Ukitikiswa, kila upande unaenda njia yake, tumbo linafura, mawe yanamwagika. Ile pembetatu ya mawe iliyo juu, chini ya paa, huanguka mapema sana.

Mawe yenyewe si mabaya. Kinachokosekana ni kufungwa pamoja. Fundi aweke mawe marefu yanayovuka unene wa ukuta. Tena pawe na mkanda wa zege lenye vyuma, au wa mbao pale simiti haifiki, unaozunguka jengo lote bila kukatika: juu ya msingi, chini ya madirisha, juu ya milango, na tena chini ya paa. Dirisha lisikaribie kona. Ile pembetatu iwe ya mabati au mbao, si mawe.

Je, inasaidia kweli? Katika bonde la Kathmandu, shule zaidi ya 100 zilikuwa zimeimarishwa kabla ya 2015. Zilisimama, na nyingine zikawa kimbilio la jirani waliokosa nyumba.

Nasi tusidhani haya ni ya Asia peke yake. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilitikiswa kwa kipimo cha karibu 6.9, na Bonde la Ufa lingali pale pale. Kwa hiyo kamati ikikaa kupanga darasa jipya, pesa za mkanda zitengwe kabla ya za rangi. Na siku ya kumwaga zege, watu wawili wa kikundi wafike asubuhi mapema, waangalie kama vyuma vimepindwa na kuzunguka kila kona. Zege likishamwagwa, hakuna atakayeviona tena.