Gari la Wagonjwa na Pampu ya Dizeli: Ufafanuzi kwa Wananchi

Gari la kubebea wagonjwa linapokaa karakanani, swali linaloulizwa na wananchi katika mikutano ya vijiji na mitaa huwa moja: kwa nini pampu ya dizeli ya akiba isiwekwe stoo, ili iliyoharibika ibadilishwe siku hiyo hiyo? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa gari likisimama yupo mgonjwa anayesubiri rufaa. Jibu lake linaanzia kwenye kazi ya pampu yenyewe.

Kazi ya pampu

Magari mengi yanayohudumia vituo vya afya vya vijijini ni Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, yaani silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha mafuta kwa cheche. Dizeli huwaka yenyewe inaponyunyizwa ndani ya hewa iliyogandamizwa hadi ikapata joto kali. Pampu ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kuiongezea mgandamizo na kuigawa kwa kila nozeli kwa kipimo na kwa wakati wake.

Baadhi ya vipuri vya ndani ya pampu hupishana kwa nafasi ya mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Vipuri hivyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Kwa sababu hiyo mchanga huvikwaruza, maji huvitia kutu, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huvisaga kwa kukosa ulainisho.

Si kila hitilafu ni ya pampu

Gari kukosa nguvu mlimani, kuwaka kwa shida asubuhi au kuzimika njiani ni dalili ambazo watu wengi huzihusisha na pampu. Hata hivyo, dalili hizo hizo huletwa na filta iliyoziba, maji yaliyotuama chini ya filta, mpira wa mafuta uliopasuka na kuvuta upepo, au swichi ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Vyote hivyo ni nafuu kuliko pampu, na fundi makini huanza navyo. Hata pampu inayovuja dizeli mara nyingi huhitaji sili mpya tu.

Magari ya umma hupelekwa katika karakana za Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005, au karakana binafsi zinazoidhinishwa na Wakala huo. Ukaguzi unaofanyika kabla ya kununua kipuri huchukua muda, lakini huzuia fedha za umma kutumika kwa kifaa kisichokuwa na hitilafu.

Suala la pampu ya akiba

Pampu ya 1HZ haiingii kwenye Hilux. Katika magari mapya yanayoongozwa na kompyuta, mgandamizo wa dizeli huzidi baa 1,500, na pampu zake ni za aina nyingine kabisa. Halmashauri yenye magari ya aina nne ingelazimika kununua pampu nne za gharama kubwa, huku zikikaa stoo na sili zake zikikauka. Pampu ya mtumba ambayo haijapimwa kwenye mashine yaweza kulirudisha gari karakanani baada ya muda mfupi.

Panapokuwa na magari kadhaa ya injini moja, pampu moja iliyokarabatiwa na kupimwa ni akiba yenye maana. Kwa magari mengine, akiba inayofaa zaidi ni filta, sili, mipira ya mafuta na pampu ya mkono ya kutolea upepo. Vitu hivyo ndivyo huisha kwanza, na kuvibadilisha kwa wakati huilinda pampu.

Wajibu wa mwananchi

Kwanza, dizeli inayonyonywa kwenye magari ya umma isinunuliwe. Mpira mchafu unaotumika kuinyonya huacha mchanga tangini, na hasara humrudia mgonjwa. Atakayeona kitendo hicho atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji, mtaa au kata.

Pili, wenye pikapu binafsi wanunue mafuta katika vituo vyenye leseni ya EWURA na kudai risiti, wamwage maji ya filta mara kwa mara, na wasisubiri tangi likauke. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, gari lisimamishwe na filta imwagwe maji kabla ya kuendelea na safari.

Tatu, gari la wagonjwa likiwa karakanani, mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura asicheleweshwe nyumbani. Simu ya bure namba 115 ya mfumo wa m-mama hutafuta usafiri, wakiwemo madereva wa jamii waliosajiliwa pale gari la wagonjwa linapokosekana.