Sufuria ya Munzenze

Mwaka 2016 nilikuwa naamka gizani, napika sombe na maharage, nafunga sufuria kwa kitenge na kushuka hadi gereza la Munzenze, hapa Goma. Kwetu Kongo mfungwa asiye na wa kumletea chakula hulala njaa. Kumtetea mtu kunaanza na sahani yake.

Niliowapelekea chakula walikuwa vijana sita wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa hapa Goma mwaka 2012, waliokamatwa alfajiri ya tarehe 16 Februari wakiandaa mabango ya kuhimiza watu wafunge maduka na kubaki nyumbani. Rebecca Kavugho alikuwa mmoja wao. Walihukumiwa miaka 2. Rufaa ikapunguza hadi miezi 6. Wenzao, Fred Bauma na Yves Makwambala, walikamatwa Kinshasa Machi 2015, kisha wakafungwa gereza la Makala. Watu wa nchi za mbali waliwaandikia barua, wakadai waachiliwe. Wawili hao walitoka Agosti 2016.

Mbinu hii ya kudai mfungwa aachiliwe ni ya zamani. Januari 1960 Wakongo waliokuwa Brussels kujadili uhuru walidai Lumumba aachiliwe, naye akatolewa kifungoni.

Ila moyo wangu uko kwa wasio na jina. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 wakiingia mjini, wafungwa walivunja Munzenze. Sehemu ya wanawake iliteketea. Wengi walibakwa, wengi wakafa motoni, na watoto wao pia. Hao hakuna aliyewaandikia barua. Sufuria yangu ningali nayo.